Kidole Gumba Juu ya Mshubiri

Mwanga wa asubuhi huingia chumbani kwangu bila kubisha hodi. Hupita juu ya kitanda, upande wangu na ule upande ambao shuka lake halikunjiki tena, hupita juu ya kitabu cha sala, huteremka mezani, hukikuta kisanduku kimefunguliwa. Hapo huruka. Mwanga ukiangukia fedha hauwezi kutulia. Hudunda mpaka darini, ukachora huko miduara midogo inayotetemeka, mduara pembeni ya mduara, kama maji ya beseni yaliyoguswa na ncha ya kidole.

Miduara hiyo unaijua, mume wangu. Wewe, uliyeitwa Bwana Miche na wote waliopita kitaluni kwako, ulikuwa ukilala chali asubuhi ya Jumapili ukiitaja mmoja mmoja. "Ule pale mkwaju. Ule yungiyungi, tazama alivyojinyoosha. Na huyo anayechezacheza ni mshubiri wangu, huyo hana adabu tangu mche."

Nami nilikuwa nakuambia, "Amka wewe, kengele imelia, utaingia kanisani na wachelewaji."

Nina neno la kukuambia. Nimelizungusha mdomoni kama mtu aliyetia kiazi cha moto na mbele yake wamekaa wageni: kulitema aibu, kulimeza maumivu. Nalileta kwako kwa sababu linamhusu mtoto wetu, na aibu ya mtoto haipelekwi kwa jirani.

Watu hukusanya vitu. Kuna anayekusanya stempu, kuna anayekusanya vikombe asivyonywea, kuna anayekusanya maneno ya watu. Sisi tulikusanya majani. Majani ya fedha, yasiyonyauka, yasiyotaka maji.

Sarafu zenyewe hazikuwa za sokoni. Hakuna aliyewahi kuzinunulia chumvi. Kila mwaka wakubwa wa hazina walitoa moja ya ukumbusho, fedha tupu, upande huu nembo ya taifa, upande wa pili mmea uliozaliwa katika udongo huu huu, usioletwa na meli wala na mgeni. Uwanja wa sarafu ulisuguliwa kiwandani ukawa kioo, ukijitazama unajiona. Lakini mmea wenyewe waliuacha na weupe wa ukungu, kama vile mtu alipuliza pumzi asubuhi ya baridi, pumzi ikaganda pale pale, ikawa jani, ikawa ua, ikawa mwiba.

Ya kwanza ilikuwa mshubiri, na mshubiri ule ulikuwa wako.

Unakumbuka mchoraji wa hazina alivyokuja kitaluni na karatasi zake, akachuchumaa mbele ya chungu mpaka miguu ikafa ganzi. Wewe ukasimama nyuma yake na ndoo. Ukamwambia, "Mwiba huu umepinda, mwanangu. Usiunyooshe. Ukiunyoosha si yeye tena." Akacheka, akauchora umepinda. Na sarafu ilipotoka, mwiba ulikuwa umepinda ndani ya fedha, mdogo kama ukucha wa panya, na nchi nzima haikujua ni kwa nini isipokuwa mchoraji, na mimi, na wewe.

Siku ile, nyuma ya duka la fundi saa ambako wakusanyaji walikutana kila mwezi, uliifungua sarafu kwenye ganda lake la plastiki, ukaitazama, macho yakakujaa, na kabla mtu hajasema kitu ukaweka kidole gumba juu ya jani. Ukakikandamiza. Kidole kile kile chenye kovu la kisu cha kupogolea.

Fundi saa alipiga kelele kama umemkanyaga mtoto mchanga. "Mzee Miche! Umeiua sarafu!"

"Sijaiua," ukamjibu. "Nimeisalimia."

Ndipo tukafundishwa sheria ya nyumba ile. Fedha ya namna hii haishikwi usoni. Mafuta ya ngozi huila taratibu, na alama ikishaingia haitoki. Leo huioni, mwakani ni manjano, baadaye ni kahawia ya chai iliyotiwa maji mengi. *Ukingo ni wa vidole, uso ni wa macho.* Fundi saa alitaka kukubadilishia, akupe nyingine safi. Ukakataa. Ukasema mtu habadilishi mtoto kwa sababu ana alama ya kuzaliwa.

Alama ya kidole ikaja juu polepole, mwaka kwa mwaka, kama picha inayooshwa gizani. Mistari yako yote, imezungukana kama matuta ya shamba la mlimani, na kovu lako limeikata katikati kama njia ya mbuzi.

*Ukingo ni wa vidole, uso ni wa macho.* Wimbo huo ndio tuliomlea nao binti yetu. Ulimwita Bosi kabla hajaota meno, kwa sababu alikuwa anaamrisha watu kwa kidole. Unamwona juu ya stuli, mikono imeoshwa na kukaushwa, pumzi ameibana mpaka mashavu yamevimba, ameshika yungiyungi kwa ncha mbili za vidole. Wewe unaanza, "Ukingo?" Yeye anajibu, "Wa vidole!" "Uso?" "Wa machooo!" Na pumzi inamtoka kwa kishindo, na wewe unafunika sarafu haraka isirushiwe mate, na mimi mlangoni nacheka mpaka nashika mbavu.

Hakugusa uso wa sarafu hata mara moja. Nataka ulijue hilo kwanza. Mpaka leo hii, naweza kuapa, hajagusa.

Ulipotutoka, vitu vyako vilitawanyika kama vitu vya marehemu vinavyotawanyika. Viatu vyako vikapata miguu mingine. Koti lako nililiona likipita barabarani, limejaa mtu mnene. Sauti ndiyo iliyotangulia kunitoka: niliamka siku moja nikitaka kukusikia ukiniita, nikasikiliza ndani ya kichwa changu chumba kwa chumba, nikakuta umeshahama.

Lakini kidole kilibaki.

Kila asubuhi, sala ikiisha, nilifungua kisanduku. Sikugusa. Nilitazama tu. Wenzangu wajane huenda makaburini na ufagio. Mimi nilikwenda mezani. Nilikusalimu pale juu ya jani, kwenye kovu lako, na nikaendelea na siku yangu, nikapika, nikafua, nikazeeka.

Na nikaendelea kununua peke yangu. Mkindu. Mgunga. Mwaka mmoja wakapaka ua rangi, wekundu mtupu juu ya fedha, na fundi saa akanisukumia kaunta akisema, "Mama Bosi, mwaka huu bibi harusi wamemtia rangi ya mdomo." Nikacheka, na huku nacheka nikajua kabisa ungeguna vipi.

Kisha jicho.

La kushoto, unajua, lilikufa utotoni kwa surua. La kulia ndilo lililofanya kazi ya mawili maisha yote, na halikulalamika. Likaingiwa na mtoto wa jicho. Nikaanza kuona taa zina nywele. Nikaanza kusalimia nguo zilizotundikwa. Mwiba uliopinda ukapotea kwanza, halafu kidole chako nacho kikazama, siku hadi siku, kama mtu anayetembea kuingia kwenye ukungu bila kugeuka.

Daktari alisema, "Mama, tutalipasua. Huenda likarudi vizuri, huenda lisirudi. Sitakudanganya, kwa kuwa ni moja." Binti yetu alikuwa ameketi pembeni yangu. Alinishika mkono. Tuliyasikia maneno hayo pamoja, masikio yake na yangu.

"Mama," akaniambia tukitoka, "nyumba itabaki tupu. Nipe kisanduku nikutunzie."

Nilimpa kwa mikono miwili.

Giza la bandeji si kama giza la kufumba macho, Bwana Miche. Lina uzito, lina joto. Walinirudisha kutoka hospitali nikalala kwa binti yetu, chumba cha ndani, na kwa kuwa sikuona nikawa sikio tupu. Nilisikia mkaa ukilia. Nilisikia mpangaji wa juu akivua viatu. Na mchana mmoja nilisikia kitambaa. *Shwa, shwa, shwa.* Chumba cha pili. *Shwa, shwa, shwa.* Kusugua kwa mtu mwenye subira, mduara kwa mduara, anatua, anaanza tena.

"Bosi, unasugua nini?"

"Vijiko, Mama. Pumzika."

Nikapumzika. Nikalala huku namshukuru Mungu kwa kunipa mtoto msafi. *Shwa, shwa, shwa*, na mimi nasema amina kimoyomoyo kwa kila mzunguko.

Walipoifungua bandeji, kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa uso wake. Ulikuwa na mistari ambayo sikuijua. Alinitazama namtazama, akaona kwamba namwona, akalia. Alilia mpaka muuguzi akamletea kiti. Nami nikamfuta machozi, mgonjwa anamfuta mzima, nikamwambia, "Basi, mwanangu, basi, Mungu ametenda."

Nikarudi nyumbani kwangu na kisanduku changu. Nikakifungua palepale mbele yake, sikungoja hata kuvua kitambaa cha kichwa. Na mwanga ukaruka! Uliruka kama haujawahi kuruka. Dari yote ikawaka. Sarafu zilikuwa nyeupe, nyeupe ya kuchoma.

"Bosi, mbona nyeupe hivi?"

"Ni macho mapya hayo, Mama. Daktari si alikuambia utaona kila kitu kimetakata?"

Nikauchukua mshubiri, ukingoni. Nikaugeuza huku na huku. Jani lilikuwa safi. Halina kitu. Limelala ndani ya duara lake kama kitanda kilichotandikwa baada ya mgonjwa kuondolewa.

"Alama ya baba yako iko wapi?"

Alikuwa amenipa mgongo, anavuta pazia ambalo lilikuwa limeshavutwa.

"Alama gani, Mama?"

"Kidole."

"Ah, Mama." Sauti yake ilikuwa laini. Nataka ujue ilivyokuwa laini. "Si ulikuwa ukungu wa jicho lako? Mtoto wa jicho ndivyo alivyo, mtu anaona madoa kila mahali. Sasa umepona."

Na mimi nikaamini. Nikajiambia, uliigusa kweli, ila alama haikuwahi kujitokeza, jicho ndilo lililoichora. Ungefanyaje wewe? Nimeletewa chakula na mkono huo, nimeogeshwa na mkono huo. Nikaamini, na imani ile ikanifanya mjane mara ya pili, kwa sababu kama kidole kilikuwa doa la jicho, basi miaka yote ile nilikuwa nikiamka asubuhi nausalimia ugonjwa. Nilikuwa naupigia magoti. Nilikuwa nausimulia siku yangu.

Jumapili nikasimama kutoa ushuhuda. Kanisa limejaa, wamama wa kitengo chetu mbele, binti yetu benchi la nyuma yangu. Nikasema, "Nilikuwa naona doa juu ya fedha, nikidhani ni alama ya mume wangu. Leo Bwana ameliondoa lile doa, naona fedha nyeupe." Nikalia kidogo, nikaketi. Wakasema amina. Na nyuma yangu, juu ya amina zote, nikasikia ya kwake. Ilikuwa kubwa kuliko za wenzake.

Hapo ndipo kitu kilipogeuka ndani yangu, kidogo tu, kama mtoto tumboni anapojigeuza. Binti yetu huwa hasemi amina kwa nguvu. Tangu mdogo, unajua, huisema ndani ya mkono.

Mimi si msomi. Lakini ni mtu wa kutazama. Nikaanza kujiuliza taratibu, nikichambua mchele: ukungu wa jicho unaweza kuchora doa, sawa. Unaweza kuchora kovu? Na mbona doa lilikuwa kwenye mshubiri peke yake, likauacha mkwaju, likauacha mkindu? Na mbona niliiona alama ile wakati jicho bado lilikuwa zima, linatunga uzi kwenye sindano bila miwani? Nikajiambia, nyamaza, mama mtu mzima, usimchimbie mtoto wako. Nikanyamaza. Mchele ukaisha, na swali halikuisha.

Ikafika siku ya sarafu mpya. Nikajitanda, nikauweka mshubiri ndani ya mfuko, nikaenda kwa fundi saa.

Duka lake ni lile lile. Saa ukutani zinabishana, hakuna mbili zinazokubaliana, na yeye chini yake ametulia kama hakimu aliyezoea. "Mama Bosi! Wanasema sasa unaona mpaka dhambi za watu."

"Nitazamie hii," nikamwambia.

Akatia lenzi jichoni. Akaishika sarafu ukingoni. Akaigeuza kwenye taa mara moja, na utani ukamtoka usoni.

"Mama. Nani ameiosha?"

Niliinama karibu na taa.

"Tazama uwanja wake. Mikwaruzo ya mviringo, midogo, kama sakafu iliyopigwa deki kwa mchanga. Na ule ukungu wa jani umekwenda." Akachukua kijiti cha meno, akakipitisha kwenye mkunjo wa jani, karibu na mwiba uliopinda, akatoa unga mweupe kidogo. Akaunusa. Akaninyooshea nami ninuse. Mnanaa. Dawa ya meno.

Kisha akauliza yeye, wala sikumtia neno kinywani: "Na kidole cha Mzee Miche kiko wapi?"

Bwana Miche, swali hilo lilinifufua na kuniua kwa pumzi moja. Kilikuwapo! Mtu mwingine alikiona, mtu mwingine anakikumbuka. Sikuwa nimeusalimia ugonjwa, nilikusalimia wewe. Nikataka kumshika mikono fundi saa nimshukuru. Na nyuma ya shukrani ile, ikiifuata kama mbwa anavyomfuata mwenyewe, ikaja sauti laini ya mtoto wetu, na pazia lililovutwa mara mbili.

"Sarafu ya hivi ikisuguliwa," fundi saa akasema polepole, "sisi husema imekufa. Hakuna wa kuirudisha."

"Hata siku ile uliposema mzee ameiua, ulisema hivyo."

Akavua lenzi. "Siku ile nilikosea, shemeji."

Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Bosi. Unalikumbuka duka la vipodozi la binti yetu, ulilibariki kwa mkono wako mwenyewe. Vioo kila ukuta. Niliingia nikajiona niko wengi, wajane kila pembe, wote wananitazama wananingoja nianze. Rafu zilikuwa na mapengo. Makopo yamesogezwa mbele ili nyuma pasionekane patupu.

"Bosi, funga mlango."

"Mama, kuna wateja."

"Yuko wapi mteja? Funga."

Nikauweka mshubiri juu ya kaunta, kati ya mafuta ya nywele na poda. Sikusema kitu. Nilimfundisha mwenyewe kwamba mama yake akinyamaza mambo yamekuwa makubwa.

"Nilitaka zing'ae tu, Mama. Ufurahi."

"Ukingo ni wa nini?"

"Mama, tafadhali."

"Ukingo ni wa nini?"

"Wa vidole." Machozi yakamjaa. "Sikugusa, Mama! Naapa sikugusa kwa kidole hata kimoja. Nilitumia kitambaa. Kitambaa laini cha pamba."

Ningecheka kama ningekuwa na kicheko. Aliishika sheria! Aliishika yote, herufi kwa herufi, mtoto wetu mtiifu. Alibana pumzi, akashika ukingo, akaufuta uso wa baba yake kwa kitambaa laini cha pamba. Tulimfundisha asiguse. Hatukumfundisha asisafishe, kwa maana katika nyumba yangu nani angefikiri kusafisha ni kosa? Mimi ndiye niliyempa kitambaa mkononi tangu hajajua kutembea.

"Ulizisugua kwa nini?"

Akaangalia rafu zake. Nikaziangalia nami. Vioo vikaziangalia.

"Duka linazama, Mama. Nilipata mnunuzi. Nikasema nizing'arishe azipende. Akazitazama mara moja tu, akasema zimeoshwa, hana kazi nazo, akanirudishia."

"Kwa hiyo zimerudi kwangu kwa sababu zimekataliwa."

Akalisogeza kopo moja mbele, kuziba pengo.

"Na kama angezichukua? Mimi ungeniambia nini?"

"Ningekuambia zipo. Ninakutunzia."

"Na ningeomba kuzitazama?"

Hapo akainama. Alichukua kitambaa, akafuta kaunta isiyo na vumbi, mduara kwa mduara. Nilijibiwa na kitambaa kabla hajafungua mdomo.

"Daktari alisema," akasema, "huenda jicho lisirudi."

Nimelisikia neno la kifo chako, mume wangu, nimesimama wima. Hili lilinikalisha. Nilitafuta kiti kwa mkono kama nilivyokuwa nikitafuta siku za bandeji, nikakaa, kati ya wajane wote wale wa kwenye vioo, nao wakakaa.

Alikuwa ameijenga nyumba yake juu ya giza langu. Mimi kitandani naomba, Bwana, nione. Na chumba cha pili, *shwa, shwa, shwa*, mtu wa tumbo langu amepanga yote vizuri, yote yamefungwa yamekazwa, na msumari ulioshika kila kitu ni mimi kutoona. Yale machozi yake bandeji ilipofunguliwa. Niliyafuta. Niliyafuta kwa kiganja changu, na sasa sijui yalikuwa ya nini, na kitu kilichoniumiza kuliko kidole ni hiki, kwamba siwezi kumuuliza. Nikimuuliza atanijibu. Na sauti yake itakuwa laini.

"Ungeniomba," nikamwambia.

"Ungekataa."

"Ningekataa kidole. Yungiyungi ningekupa. Mkwaju, mkindu, mgunga, na huyo mwenye rangi ya mdomo, zote ungebeba, ningekusindikiza mpaka kwa huyo mnunuzi na mwavuli. Ningebaki na ile moja."

"Alitaka seti nzima, Mama."

"Usingejua jibu langu, mwanangu. Hukuniuliza."

Ni hapo tu alipolia kweli. Nilimtambua, kwa sababu alilia ndani ya mkono.

Sikumfuta.

Nikarudi nyumbani, nikapiga magoti, na sala haikuja. Nikasema, "Bwana, ule ushuhuda wa Jumapili ile nirudishie. Nilikuletea kitu cha wizi bila kujua." Hilo nililiweza. Lakini nilipofika mahali pa kutaja watu wangu, nilikwama. Unajua nilivyozoea: kwanza marehemu, kisha mtoto, kisha ndugu, kisha wagonjwa wa mtaa, kisha, mwishoni kabisa, wale waliotukosea. Nilikwama muda mrefu, magoti yakaanza kulalamika. Kisha nikalitaja jina lake. Nililitaja, Bwana Miche, sikuliacha nje. Lakini nililitaja kule mwishoni. Na huko ndiko linakokaa mpaka leo. Kila asubuhi nalipita mahali pake pa zamani kama mtu anayepita mbele ya duka lililofungwa, natupa jicho, naendelea.

Kesho yake nikazitoa sarafu zote kwenye maganda yake. Fundi saa aliniambia fedha ikikaa uchi hewa huivaa, itapoteza mng'aro, itakuwa manjano, kahawia, mwisho nyeusi. Nikasema vema. Nikazipanga kwenye kizingiti cha dirisha la mashariki, na nilizishika nipendavyo, kiganja chote, usoni. Fedha ni baridi, kumbe. Miaka yote hiyo nilikuwa sijui. Ni baridi, halafu inachukua joto lako upesi kuliko unavyodhani, halafu inalipoteza upesi vilevile.

Binti yetu alikuja baada ya ibada. Alisimama mlangoni na viatu mkononi, kama mgeni.

"Mama, umezitoa nje? Zitageuka nyeusi."

"Najua."

"Si zitaharibika?"

"Zimeshafiwa," nikamwambia. "Mimi nilivaa nyeusi mwaka mzima na hakuna aliyeniambia nimeharibika. Ziache zivae."

Nikamwambia, "Kaa," kwa sababu huwezi kumwacha mtoto wako amesimama mlangoni, majirani wanapita. Akakaa. Nikamwekea chai. Sukari nikamsogezea atie mwenyewe. Zamani nilikuwa namtilia. Alikitazama kijiko. Alijua. Tulikunywa, na mvuke ukapanda katikati yetu, na alipoondoka aliosha vikombe vyote viwili, akavikausha, na mimi nikiwa nimekaa nikakisikia kitambaa, na nywele za mkono zikanisimama.

Anakuja kila Jumapili. Simfukuzi. Chai ipo.

Na asubuhi mwanga bado unaingia bila kubisha hodi. Lakini kabla ya kitanda na kitabu cha sala, unazikuta kizingitini zimejipanga, mshubiri, yungiyungi, mkwaju, kila moja na rangi yake ya chai, zimefifia moja moja kwa mwendo wake. Hauruki tena. Darini hakuna kitu, ni dari tu, na ufa wake. Natazama jani, natafuta njia ya mbuzi katikati ya matuta, siioni. Mwanga unashuka juu ya fedha ile iliyofifia, unatulia hapo, kama mtu aliyefika msibani akakosa la kusema, akakaa tu pamoja na wafiwa.